Tui la Pili: Nusukaputi ya Mtiririko Mdogo kwa Mgonjwa Mnene Kupindukia

Mpishi wa Msambweni anayepika mbaazi za nazi hatupi machicha baada ya tui la kwanza. Huyatia maji, akayakamua tena, na tui hilo jepesi ndilo linaloivisha mbaazi. Lile zito husubiri mwisho. Katika vyumba vingi vya upasuaji mambo huenda kinyume. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hupelekewa lita sita za hewa mpya kila dakika, ilhali mtu wa kilo 70 anatumia takribani robo lita tu ya oksijeni. Inayobaki, pamoja na dawa ya usingizi iliyochanganywa humo, hutoka kwa bomba na kupotelea hewani.

Nusukaputi ya mtiririko mdogo ni ukamuaji wa pili. Hewa anayoitoa mgonjwa husafishwa, huongezewa oksijeni na dawa kidogo, kisha hurudishwa mapafuni. Kwa mgonjwa wa uzito wa kawaida mjadala umekwisha zamani. Swali la hapa ni jembamba zaidi: je, mbinu hii inamfaa mtu mnene kupindukia, na inazifaa hospitali za Kwale na pwani ya kusini, ambako mgonjwa akizidiwa itabidi avushwe kwa feri ya Likoni au azungushwe kwa barabara ya Dongo Kundu ili afike Mombasa?

Jibu la makala haya ni ndiyo, kwa sharti moja: mkono unaopunguza hewa usitangulie jicho linaloiona. Mwili mnene hauikatai mbinu hii. Unachofanya ni kupunguza nafasi ya kukosea, na nafasi hiyo hulindwa na vipimo.

Ni nani anayefika kitandani

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Pwani tuna sababu zetu. Mahamri ya asubuhi, viazi karai vya jioni, wali wa nazi wa kila sherehe, na lugha yenyewe inayomsifu aliyeongezeka mwili kwamba amenawiri. Kaunti ileile yenye watoto waliodumaa huko Kinango ina mama wa Ukunda ambaye ngazi za ghorofa ya pili zinamkatiza pumzi. Diani ina pia wageni na wastaafu kutoka Ulaya, wengine wakiwa na miili mikubwa na moyo uliochoka.

Madaktari hupima unene kwa kugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 30 ni unene; kuanzia 40 ni unene uliokithiri. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 105 anapata 41. Huyu si mtu wa ajabu. Ni jirani, ni shangazi, ni mama mkwe aliyeketi mbele kwenye matatu ya Likoni. Hafiki hospitali kukatwa tumbo apungue. Upasuaji wa aina hiyo mara nyingi mtu huufuata Nairobi. Anafika kwa sababu ya uvimbe wa kizazi, mawe kwenye nyongo, ngiri iliyobana, mguu uliovunjwa na bodaboda, au mtoto aliyekataa kutoka kwa njia ya kawaida.

Mzunguko na chokaa yake

Tangu Oktoba 16, 1846, William Morton alipomlaza mgonjwa kwa etha mjini Boston, tatizo la hewa inayotolewa limekuwa ni lilelile: ndani yake mna hewa ukaa, na ukimrudishia mgonjwa hewa ukaa unamdhuru. Ufumbuzi ulikuja kwa chokaa. Mwaka 1924 Ralph Waters wa Marekani aliandika jinsi alivyopitisha pumzi ya mgonjwa kwenye kopo la chembechembe zinazonyonya hewa ukaa, na kufikia mwaka 1930 mabomba mawili yenye vali za kuelekeza hewa upande mmoja yalikuwa yameunda mzunguko kamili tunaoujua leo. Mwaka 1952 Francis Foldes na wenzake waliieleza mbinu ya lita moja kwa dakika, na mwaka 1974 Robert Virtue akaishusha hadi nusu lita.

Chokaa soda ya leo kwa sehemu kubwa ni haidroksaidi ya kalsiamu, yenye maji na soda kidogo. Ikinyonya hewa ukaa hutoa joto na unyevu, na hivyo hewa inayorudi mapafuni huwa ya vuguvugu, si kavu kama ile ya mtungini. Chembechembe nyingi huwekewa rangi inayogeuka kutoka nyeupe hadi zambarau zinapochoka. Lakini rangi hiyo inaweza kufifia chokaa ikikaa bila kutumika, kwa hiyo kopo lililoonekana zambarau jioni laweza kuonekana jeupe asubuhi bila kuwa limepona.

Hesabu inayobadilishwa na mwili

Tofauti ya kwanza inaonekana hata kabla mtiririko haujapunguzwa. Tumbo kubwa likimsukuma mgonjwa aliyelala chali, ghala la hewa lililobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua sana. Mtu wa uzito wa kawaida aliyevutishwa oksijeni vizuri akaacha kupumua, huchukua takribani dakika sita kabla ya oksijeni ya damu kushuka hadi asilimia 90. Mnene kupindukia huchukua chini ya dakika tatu. Ndiyo maana huinuliwa kichwa na mabega kwa mito au shuka zilizokunjwa, hadi tundu la sikio liwe usawa mmoja na mfupa wa juu wa kifua. Kuinua huko kunanunua muda, kwa gharama ya shuka chache.

Tofauti ya pili ndiyo kiini cha suala lenyewe. Kwa kanuni ya Brody, inayokadiria matumizi ya oksijeni kutokana na uzito, mtu wa kilo 70 hutumia kama mililita 240 kwa dakika, yule mama wa kilo 105 mililita 330, na mtu wa kilo 150 mililita 430. Sasa tuchukue mtiririko wa lita moja, nusu oksijeni na nusu hewa ya kawaida. Kwa kuwa hewa ya kawaida nayo ina asilimia 21 ya oksijeni, jumla inayoingia ni takribani mililita 605. Mtu wa kilo 70 akichukua fungu lake, mchanganyiko unaobaki kwenye mzunguko una karibu asilimia 48 ya oksijeni. Mama wa kilo 105 anaachiwa asilimia 41. Mtu wa kilo 150 anaachiwa asilimia 31.

Vifundo vya mashine havijaguswa. Kilichobadilika ni mwili tu. Shusha mtiririko hadi nusu lita kwa mchanganyiko uleule, na oksijeni inayoingia inakuwa mililita 300 kwa dakika, wakati mtu wa kilo 150 anahitaji zaidi ya 400. Hapo hakuna tena mtiririko mdogo, kuna deni. Nusukaputi yenyewe hupunguza mahitaji ya mwili kiasi, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kukadiria. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa na mtiririko mdogo, ndivyo namba iliyo kwenye kifundo inavyoachana na namba iliyo mapafuni.

Tofauti ya tatu ni hofu iliyozidishwa. Wengi hudhani mafuta ya mwili hunyonya dawa yote ya usingizi, kisha huirudisha kwa saa nyingi mgonjwa akabaki hazinduki. Ni kweli dawa hizi hupenda mafuta: isoflureni na sevoflureni huzama humo zaidi ya mara arobaini kuliko kwenye damu. Lakini mafuta hupata damu kidogo, na ghala lenye mlango mwembamba halijazwi kwa saa moja. Kwa upasuaji wa saa moja au mbili tofauti ni ndogo. Inaanza kuonekana kwenye upasuaji mrefu, hasa kwa halotheni, dawa kongwe ya miaka ya 1950, ambayo huyeyuka kwenye damu takribani mara tatu na nusu zaidi ya sevoflureni na hivyo huchelewa kuingia na kutoka.

Tofauti ya nne ni uvujaji. Kifua kizito kinahitaji msukumo mkubwa zaidi kupanuliwa, na msukumo hutafuta tundu. Uvujaji wa mililita mia mbili kwa dakika haumsumbui mtu anayetumia lita sita; kwa anayetumia nusu lita ni karibu nusu ya mali yote. Ndiyo maana mashine hukaguliwa kabla, na mgonjwa wa aina hii hupewa bomba la kooni lenye puto badala ya kifuniko cha juu ya koo, jambo linalomkinga pia na matapishi. Mapafu nayo hupimiwa pumzi kwa urefu, si kwa uzito. Mama wetu wa mita 1.60 ana mapafu ya mtu wa kilo 52. Mililita 310 hadi 420 kwa pumzi zinamtosha, hata kama mizani inasema 105.

Akiba iko wapi hasa

Watetezi wa mbinu hii huanza na pesa, na hesabu yao ni nyepesi. Zidisha tatu kwa lita za mtiririko kwa asilimia ya dawa, unapata mililita za dawa zinazotumika kwa saa. Sevoflureni ya asilimia mbili kwa lita sita ni mililita 36. Kwa lita moja ni sita. Chupa ya mililita 250 iliyokuwa ikiisha baada ya saa saba inafika saa arobaini. Kwa vitendo akiba huwa pungufu ya hapo, kwa sababu dakika kumi au kumi na tano za mwanzo lazima mtiririko uwe mkubwa ili mapafu yajae, mwishoni ufunguliwe tena ili mgonjwa azinduke, na katikati kifundo cha dawa huhitaji kuwekwa juu kidogo kuliko kipimo kinachotakiwa. Hata hivyo inabaki akiba kubwa.

Kwa oksijeni, tahadhari. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita sita kwa dakika huisha kwa saa 19. Ukitoa moja unafika saa 113. Ni hesabu tamu, na mara nyingi ni ya uongo. Mashine nyingi za kupumulia husukuma pumzi kwa mvukuto, kama wa mhunzi, na mvukuto huo hubanwa na gesi. Ikiwa gesi hiyo ni oksijeni ya mtungi uleule, huenda lita nane nyingine zinakwenda kila dakika kwa kusukuma tu. Hapo mtungi unaisha kwa saa nane ukitumia lita sita, na kwa saa 12 na nusu ukitumia moja. Akiba ya mara sita imekuwa ya mara moja na nusu. Mhasibu wa hospitali anayeahidiwa mitungi michache aulize kwanza: mvukuto wetu unasukumwa na nini? Mashine inayosukuma kwa umeme, au kwa hewa iliyoshindiliwa, ina jibu tofauti kabisa.

Palipo na kifaa kinachochuja oksijeni kutoka hewani kuna fumbo jingine. Oksijeni yake huwa ya takribani asilimia 93, na sehemu kubwa ya masalio ni gesi ya agoni. Agoni haina sumu, lakini haitumiwi na mwili wala hainyonywi na chokaa. Kwenye mzunguko wa mtiririko mdogo hujilimbikiza na kuibana oksijeni, na mgonjwa anayekula oksijeni nyingi huharakisha mlimbikizo huo. Dawa yake ni kufungua mtiririko kila baada ya muda ili kusafisha mzunguko, na kuutazama usomaji wa oksijeni bila kukiamini kifaa hicho.

Kisha kuna hewa ya dunia. Desflureni, dawa nyingine ya usingizi ya kuvuta, iliwahi kupigiwa debe kwa wagonjwa wanene kwa kuwa haizami sana kwenye mafuta kama wenzake na mgonjwa huzinduka upesi. Lakini chupa yake moja ya mililita 240 ikivukizwa yote ina uzito wa karibu kilo 900 za hewa ukaa katika kupasha dunia joto. Chupa ya sevoflureni ya mililita 250 ina takribani 50. Scotland iliiondoa mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 1, 2026, isipokuwa pale inapohitajika kitabibu. Gazi, kati ya Diani na Msambweni, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda mikoko yao tangu 2013 na kuuza hifadhi ya takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, wakipata fedha za maji na shule. Chupa kama 3,300 za desflureni zinatosha kuufuta mwaka mzima wa kazi yao. Mtaalamu wa pwani ya kusini hana haja ya kuitamani dawa hiyo.

Hoja za wanaosita

Wanaosita wana haki ya kusikilizwa. Wapo wanaotaja kampaundi A, kemikali inayozaliwa sevoflureni inapokutana na chokaa, iliyodhuru figo za panya. Kwa sababu yake maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani yamekuwa yakishauri mtiririko usishuke chini ya lita moja. Madhara hayo hayajathibitika kwa figo za binadamu, na chokaa za kisasa zisizo na soda kali huondoa tatizo. Hatari iliyo karibu zaidi ni chokaa iliyokauka. Oksijeni ikiachwa wazi Ijumaa jioni ikapuliza hadi Jumatatu, chembechembe hukauka, na dawa kama isoflureni na desflureni zikizipitia huzaa kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Kinga yake haina gharama: funga gesi kila upasuaji wa mwisho unapokwisha, na andika tarehe juu ya kopo.

Wapo wanaosema mashine zao haziwezi. Wako sahihi, na wasilazimishwe. Vifaa vya kuvuta hewa ya chumbani kupitia dawa, vilivyosaidia hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa kwa kuwa havihitaji mtungi wala umeme, havina mzunguko wala chokaa. Hakuna mtiririko wa kupunguza hapo.

Hoja nzito zaidi ni ya watu. Nusukaputi nyingi katika hospitali za kaunti hutolewa na maafisa wa kliniki waliobobea na wauguzi wa nusukaputi, si madaktari bingwa. Mara nyingi mtu yupo peke yake usiku, tumbo limefunguliwa na damu inatoka. Je, umwongezee kazi ya kufuatilia mzunguko? Jibu linategemea kama kazi hiyo ni ya macho au ya kukisia. Mwenye skrini inayoonyesha oksijeni inayovutwa, hewa ukaa inayotolewa na dawa iliyo kwenye pumzi, mtiririko mdogo haumwongezei mzigo mkubwa. Asiye nayo anakisia vitu vitatu kwa pamoja, na kila kimoja kina adhabu yake: oksijeni ikishuka ubongo unaumia, chokaa ikichoka moyo unahangaika, dawa ikipungua mgonjwa anaweza kuzinduka ndani kwa ndani akisikia kisu bila uwezo wa kupiga kelele.

Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho ni lazima kwa kila nusukaputi, hakitoshi kuchukua nafasi ya skrini hiyo. Chenyewe hutoa habari ya damu, na damu hupata habari ikiwa imechelewa. Kwa mtu mwenye ghala dogo la hewa, habari iliyochelewa ni nusu ya ajali. Mpishi akitilia shaka tui lake huonja. Hewa ya mzunguko haionjeki.

Kabla ya kuufikia mzunguko

Uchambuzi wa mbinu moja huwa na kasoro ya kusahau kwamba mbinu yenyewe huenda isihitajike. Upasuaji wa uzazi, ngiri, na miguu iliyovunjika mara nyingi hufanyika kwa ganzi ya uti wa mgongo. Kwa mama mnene ni vigumu kuupata mwanya kati ya mifupa ya mgongo, sindano ndefu huhitajika, na kumketisha vizuri kunahitaji wasaidizi wawili. Hata hivyo dakika ishirini za kutafuta mwanya ni nafuu kuliko dakika tatu za kutafuta njia ya hewa kooni. Yapo pia maswali yasiyohitaji mashine: anakoroma? Kuna anayemwona akikatika pumzi usingizini? Kitanda cha upasuaji kinabeba kilo ngapi, maana vingi vya zamani huishia kati ya 130 na 160? Kuna mkanda wa kupima presha unaozunguka mkono wake wote?

Mgonjwa aliyepangwa, si wa dharura, ambaye majibu yake yanatia hofu, avushwe Mombasa akiwa mzima na ameketi.

Uamuzi

Tukiweka yote kwenye mizani, picha ni hii. Kwa mtu mnene kupindukia anayehitaji nusukaputi kamili, kwenye mashine yenye mzunguko usiovuja na skrini inayosoma gesi, mtiririko wa lita moja kwa dakika ni salama, ukitumia isoflureni au sevoflureni na oksijeni iliyopandishwa kuzidi mazoea. Huhifadhi dawa, hupasha mapafu joto na kuyapa unyevu. Nusu lita iachiwe waliozoea, kwa wagonjwa wadogo zaidi. Mwanzo na mwisho wa upasuaji mtiririko uwe mkubwa. Na wakati wowote jambo lisiloeleweka likitokea, fungua hewa kwanza, tafuta sababu baadaye. Kwenye mzunguko wa lita moja badiliko la kifundo huchukua dakika nyingi kumfikia mgonjwa, na mnene hana dakika nyingi.

Pasipo skrini, lita mbili hadi tatu zitoshe. Nazo tayari ni nusu au pungufu ya zile sita, akiba isiyomdai mtu ujasiri.

Kampasi ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ipo Msambweni, jirani na hospitali ya rufaa ya kaunti. Mafunzo na wagonjwa wako mtaa mmoja. Kinachobaki ni utaratibu wa orodha ya ununuzi. Kwa kawaida akiba ya dawa hutajwa kwanza, na kifaa cha kusoma gesi huahirishwa hadi bajeti itakaporuhusu. Kwa mgonjwa wa kilo 150, orodha hiyo imepinduka. Kifaa ndicho kinachoiruhusu akiba, na mahali ambapo hakijanunuliwa, zile lita za ziada zinazopotelea hewani si ubadhirifu. Ndizo zinazomlinda mgonjwa na yale ambayo hakuna anayeyaona.